Mkunga Aliyelea Tumbawe Migwani

Ukifika nyumbani kwa Mkunga pale Migwani, hukukaribishwa kiti. Ulikaribishwa cherehani. Meza ya cherehani ilisimama karibu na dirisha, haina kichwa, na mkanda wake badala ya kuzungusha gurudumu la kushonea ulipanda ukutani, ukapita kwenye kapi la mbao, ukashuka hadi kwenye mwiko wa ugali uliotumbukizwa ndani ya tangi la kioo. Ulipokanyaga, mwiko ulikwenda huku na huku, na maji yakapiga mawimbi. Ndani ya maji hayo, safari ya siku nzima kutoka baharini, kulikuwa na tumbawe hai.

"Kanyaga," alikuwa akisema. "Hujambo baadaye."

Meza ile ilikuwa yangu. Mimi ni fundi wa nguo, na duka langu liliegemeana ukuta na nyumba yake, nyumba ndogo ya zahanati. Kichwa cha cherehani kilianguka kikapasuka, nikataka kuuza miguu yake kama chuma chakavu. Mkunga alichungulia dukani, akaitazama pedali, akaniuliza kama inaweza kutengeneza bahari. Nilidhani sikusikia vizuri. Wiki iliyofuata nilikuwa naipigilia misumari sebuleni kwake.

Alikuwa mwanamke mrefu wa sauti ya chini, saa imebandikwa kifuani kichwa chini, viatu vyeupe alivyovipaka chaki kila asubuhi. Kabla hajakusalimia aliangalia kucha zako. Mchungaji wetu aliwahi kuficha mikono yake nyuma akimwombea baraka, na sote kanisani tulijua kwa nini. Hakupenda kelele, hakupenda sukari nyingi kwenye chai, na hakumpenda mtu yeyote anayesema "kidogo tu" anapoulizwa ana homa kiasi gani.

Kabla ya kuhamishiwa kwetu alikuwa amefanya kazi Pwani miaka mingi. Mama mmoja aliyemzalisha huko hakuwa na zawadi ya kumpa, akamletea kitawi cha tumbawe kilichovunjika, urefu wa kidole gumba, kimetiwa kwenye chupa ya jemu yenye maji ya bahari. Daktari mmoja akamwambia kitakufa kabla ya Voi. Siku ya kuhama, Mkunga alikipakata ndani ya ndoo safari nzima.

"Hakikufa Voi," alituambia. "Hakikufa Mtito. Kilifika hapa kimekasirika, lakini kizima."

Wazee wa kanisa walikuja kukiona. Wakabishana kama ni jiwe au ni mti.

"Ni mnyama," akasema Mkunga.

"Mnyama? Na anakula nini?"

"Anakula jua, zaidi."

Mzee mmoja alitazama nje, kwenye vumbi na mbuzi waliolala kivulini, akatikisa kichwa. "Kama anakula jua, basi amefika Ukambani. Huyu atanenepa mpaka tumchoke."

Lakini tumbawe halinenepi. Hilo ndilo lililomsumbua Mkunga. Alikuwa na karibu miaka hamsini, na mtu mmoja wa Pwani alikuwa amemwambia kwamba tumbawe la ukubwa wa kiondo hukua muda ule ule wa kumlea binti mpaka aolewe. Mkunga alihesabu miaka yake iliyobaki kazini akaona haitoshi. Basi akaamua kuliharakisha.

Alifanya kila alichojua kuhusu viumbe wadogo wasioongezeka. Alisikia kwamba tumbawe hujijenga kwa chokaa. Akachukua chokaa safi, akaikoroga kwenye maji, akaiacha itulie, akachota yale maji mang'avu ya juu na kuyatia kwenye chupa ya dripu ya hospitali. Chupa ikaning'inizwa juu ya tangi, na maji ya chokaa yakadondoka tone kwa tone, yeye ameshika saa yake ya kifuani akihesabu matone kwa dakika. Jua la saa sita likiwa kali mno, alitandaza shashi ya bandeji dirishani. Joto likizidi, aliloweka shuka akalizungushia tangi kama mgonjwa wa homa. Kujua kama chumvi imetosha, alitumia kile kipimo cha kioo cha kupimia mkojo wa akina mama wajawazito, maana alisema mkojo na bahari ni majirani kuliko watu wanavyofikiri. Alikuwa na vipimo viwili, kimoja cha zahanati na kimoja cha nyumbani, na aliapa mbele yangu kwamba hajawahi kuvichanganya. Sikumuuliza tena. Niliwahi kunywa chai pale.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alilipima uzito. Alitumia mzani wa watoto, ule wa kuning'inia wenye uso kama saa, na mimi nilimshonea mfuko wake kwa kitambaa laini. Uzito aliuandika kwenye kadi ya kliniki kama ya mtoto yeyote. Tarehe ya kuzaliwa: haijulikani. Jina la mama: aliandika lake. Jina la baba: mstari.

Hakuwa na mtoto. Nasema hivyo mara moja tu, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema mara moja tu.

Siku moja kadi ile ilichanganyika na za watoto wa zahanati, na ikatokea siku hiyo hiyo mkaguzi kutoka wilayani yuko pale. Alizipekua kadi moja moja, akafika hiyo, akasimama.

"Huyu mtoto ameongeza gramu sitini kwa miezi minane," akasema. "Sista, huyu mtoto yuko hai?"

"Yuko hai, daktari. Anaendelea vizuri sana."

"Vizuri? Mama yake anampa chakula gani?"

"Maji ya chokaa na jua."

Mkaguzi alivua miwani. Akataka apelekwe kwa huyo mama mara moja. Mkunga hakujua kusema uongo, lakini alijua sana kunyamaza. Alitangulia mbele, akapita mlango wa nyuma wa zahanati, akaingia nyumbani kwake, akamwonyesha mkaguzi cherehani. Nilikuwa nimesogea dirishani kwake na nikaona yote. Yule bwana alikaa. Alitazama tangi kwa muda mrefu, mdomo wazi, halafu mguu wake ukaanza kukanyaga wenyewe. Alikanyaga nusu saa na suti yake. Alipoondoka, alichukua kalamu akaandika kwenye kadi: "Afya njema. Arudi mwezi ujao." Na mwezi uliofuata alirudi, ingawa hatukuwa kwenye zamu yake.

Waliokanyaga zaidi, hata hivyo, walikuwa wanaume wenye wake zahanati. Mkunga hakuwataka wazunguke nje ya chumba cha uzazi. "Mwanamume anayesubiri hana kazi," alisema, "na asiye na kazi huuliza maswali." Basi aliwatuma nyumbani kwake wakatengeneze bahari. Walikuja wakulima, makondakta, hata mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa akihesabu kila mzunguko kwa sauti. Tumbawe lilipenda maji yanayotembea, na Migwani watoto hawakuacha kuzaliwa, kwa hiyo bahari ile haikutulia.

Mimi nilikanyaga siku ya kifungua mimba wangu. Nilianza baada ya chai ya asubuhi, na saa tisa mchana bado nilikuwa nakanyaga. Kila Mkunga alipopita dirishani nilimwita.

"Mwaitu, bado?" Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na ndivyo nilivyomwita yeye.

"Bado."

"Hakuna dawa ya kuharakisha kidogo?"

Alisimama, akanitazama kana kwamba nimekojoa ndani ya tangi. "Fundi, sikiza. Kisicho tayari hakivutwi. Ukivuta, unararua. Kanyaga."

Halafu akaingia ndani, akaongeza matone ya chokaa.

Binti yangu alipozaliwa, miguu ilinitetemeka nikashindwa kusimama, wakanikalisha chini ndipo wanipe mtoto. Watu walisema, ona furaha ya baba. Sikuwasahihisha.

Maji yenyewe yalitoka baharini kweli. Palikuwa na mfanyabiashara wa mifugo, Abdi, mtu wa kaskazini, aliyepeleka mbuzi Mombasa kwa lori na kurudi mtupu. Mkewe alizaa kwa shida njiani wakipita Migwani, na Mkunga akawaokoa wote wawili. Tangu siku hiyo Abdi hakurudi bila mitungi minne ya maji ya bahari. Madereva wenzake walimcheka kwamba anauza mbuzi ili anunue chumvi. "Mama ameagiza," aliwajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi ukaja ukame. Ulikuwa ule mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada, na wanawake walikuwa wakilala foleni kisimani. Ndipo maneno yakaenea sokoni kwamba Sista ana zaidi ya pipa la maji sebuleni, na analimwagilia jiwe.

Naibu wa chifu alikuja na kofia yake na watu thelathini nyuma yake, kila mmoja na mtungi.

"Sista, tumesikia uko na maji mingi kwa nyumba."

"Niko nayo."

"Na watu wanakufa kiu."

"Hii maji hainyweki, bwana."

"Serikali ndiyo itasema kama inanyweka."

 Mkunga alichukua kikombe, akakiosha, akachota nacho tangini, akampa kwa mikono miwili. Naibu wa chifu alikuwa amezoea kuonwa na watu. Alikinywa chote kwa mkupuo mmoja, shingo juu. Kisha akasimama vile vile. Macho yalimtoka machozi, na kitu fulani kikapanda na kushuka kooni mwake, lakini hakutema. Kwa hilo nilimheshimu.

Aligeukia watu. "Nimekagua," akasema kwa sauti nyembamba. "Hiyo maji ni... ni ya dawa."

Lilikuwa kosa. Wiki mbili nzima watu walipanga foleni wakitaka dawa ya tumbo iliyopimwa na serikali.

Ila katika foleni ile alikuwepo mama mmoja, jirani yetu, mwenye watoto wanne, ambaye hakutaka dawa. Alimwambia Mkunga mbele yetu sote: "Mwaitu, najua ya bahari hainyweki. Lakini kila siku yanapungua kwa jua, na unayaongeza kwa maji matamu. Nakuona. Sisi tunagawana kikombe."

 Kesho yake Mkunga aliupeleka mtungi wake wote wa maji ya wiki kwa yule mama. Kuanzia hapo, vyombo vya zahanati vilipochemshwa, aliukinga mvuke kwa mfuniko na kukamua matone yake kwenye chupa. Hayo ndiyo aliyoyatia tangini, pamoja na maji ya chai aliyoacha kunywa. Viatu havikupakwa chaki tena, na gauni lake jeupe likawa la rangi ya barabara. Aliyekuwa akiangalia kucha za mchungaji alikwenda kanisani ameficha zake. Mvua iliponyesha, alitoka nje na sabuni, amevaa nguo zake zote, akajisugua uani huku anaimba tenzi.

Baada ya ukame haraka yake ilizidi. Kustaafu kulikuwa kumekaribia, na tumbawe lilikuwa bado dogo kama kichwa cha kabeji. Jumamosi moja tulikuwa na harambee ya kanisa. Kabla ya kutoka, alifungua dripu ya chokaa zaidi ya kawaida, ili, kama alivyosema baadaye, ile shibe ifidie saa zake za kutokuwepo. Harambee ikarefuka, kama harambee zinavyorefuka.

Niliporudi nilisikia jina langu likiitwa ukutani. Nilimkuta amesimama mbele ya tangi. Maji yalikuwa meupe kama uji wa mgonjwa. Alikuwa ameshalitoa tumbawe na kulitia kwenye karai la kuogeshea watoto, ndani ya maji ya akiba aliyoletewa na Abdi. Nusu yake ilikuwa imeungua nyeupe, na ute ukitoka kama makamasi.

"Nimelivuta," akasema. "Fundi, nimelivuta nikalirarua."

Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na hata siku ile sidhani kama alijua kwamba analia, maana aliendelea kunawa mikono, kwa brashi, mpaka kwenye viwiko, kama anayeingia chumba cha upasuaji. Kisha aliniagiza nilete koleo na uzi wa nailoni ulio imara kuliko wote dukani.

Alikata. Kila penye uhai alikitenga kipande, kila palipokufa alipatupa. Vipande vilikuwa vidogo, vingine kama ukucha. Tulivunja sahani zake mbili za udongo, nami nikafunga kila kipande kwenye kigae chake kwa uzi. Mimi nimeshona magauni ya maharusi na sare za kwaya tatu, lakini sijawahi kufunga fundo kwa uangalifu kama ule. Nilipokosea alinigonga kidole.

"Usikaze. Kishike tu kisianguke."

"Vitaishi, Mwaitu?"

"Sijui." Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilisikia neno hilo kinywani mwake.

Baada ya siku ile hakulipima uzito. Kadi aliitia kwenye droo. Chokaa aliirudisha kwa matone yale ya zamani, na akakaa tu jioni akikanyaga mwenyewe, taratibu. Na hapo ndipo ajabu lilipotokea. Vile vipande vilikua. Vilikua kuliko lile kubwa lilivyowahi kukua kwa chokaa yote ile. Pale palipokatwa ndipo palipokimbia. Vilifunika uzi wangu, vikafunika vigae, vikatambaa kila kimoja kumfuata jirani yake. Vilipogusana, vilishikamana vikawa kitu kimoja, na hukuweza tena kuona kipi kilikuwa kipi.

Mkunga aliniita nione. "Miaka yote nalilisha," akasema, "na lenyewe lilikuwa linangoja jeraha." Akakanyaga mizunguko michache. "Lakini usimwambie mtu. Wataanza kuvunja watoto wao."

Alipostaafu, tumbawe lilikuwa limejaza tangi. Nyumba ilikuwa ya zahanati, alitakiwa kuondoka, na huko alikokwenda, kwa binti wa dada yake Mbumbuni, hapakuwa na dirisha la jua wala njia ya lori la Abdi. Watu walimpa mashauri. Kuna aliyetaka kulinunua alikaushe awe pambo la sebule. Mkunga alimtazama kucha, akamfungulia mlango. Mwisho aliamua lirudi baharini. Abdi alileta lori asubuhi, tukalipandisha tumbawe ndani ya mapipa mawili ya maji, tumeyafunga na blanketi, mbuzi arobaini wakiwa nyuma ya ubao. Mkunga alikaa mbele na gauni lake la kazi, ingawa hakuwa tena na kazi. Hakutuaga sana. Aliniambia niangalie mtoto wangu wa pili, anakohoa.

Sikumwona miaka mitano. Halafu kanisa moja la Mbumbuni liliniagiza sare za kwaya, nikapeleka mwenyewe, na baada ya kuzikabidhi nikauliza nyumba yake. Nilimkuta uani ameketi kwenye kiti, anapukuchua mbaazi. Alikuwa amepungua sana, na macho yake hayakuona mbali, kwa hiyo nilimtajia jina langu.

"Lete mikono," akasema. Aliishika, akazipapasa kucha kwa kidole gumba. "Sawa. Kaa."

Tulizungumza habari za Migwani, nani amezaa, nani amekufa. Mpwa wake akaleta chai. Ndipo nikamuuliza jambo nililolibeba miaka mitano, lilikwendaje siku ile Pwani.

Alicheka kwanza, peke yake, mabega yakitikisika.

"Fundi, unajua nilikaa Pwani miaka kumi na saba?"

"Najua."

"Sikuwahi kuingia baharini. Hata siku moja. Mpaka hapa tu." Alionyesha kifundo cha mguu. "Mimi ni Mkamba, maji mengi hivyo yananifanya nini? Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nawadanganya wenzangu kwamba nina kifua."

Walifika ufukweni maji yakiwa yamekupwa, akasema, na watu wa pale wakawaonyesha mahali penye mwamba. Lakini tumbawe haliwekwi kwenye kina kifupi, lingekauka. Abdi alikuwa mtu wa jangwani, alifika magotini akaanza kusoma dua. Wale vijana wa pale walijitolea kulibeba, lakini aliona namna wanavyolishika, kama mzigo wa kuni.

"Nikasema leteni hapa. Nikalikumbatia hivi. Nikaingia na viatu. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, yakafika hapa." Aliweka mkono kifuani. "Gauni lote limepanda juu kama mwavuli. Nikainama, kichwa changu kikaingia ndani kabisa, nikaliweka kwenye mwamba na kulishikiza kwa mawe."

"Na hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Nilipiga kelele chini ya maji, nikanywa chumvi ya kutosha." Alifuta macho kwa kona ya leso. "Abdi ananiita, Mama toka, Mama toka, jua linazama, mbuzi wanangoja. Nikamwambia bado."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Aliziacha mbaazi. Akavua soksi ya mguu wa kulia, pole pole, akanionyesha unyayo. Palikuwa na vidoa vyeusi vinne, vya miiba ya baharini iliyotoboa kiatu siku ile ikakataa kutoka. Alivigusa kimoja kimoja kwa kidole, akitabasamu, kama mtu anayeonyesha pete.

"Nilikuwa nimesimama tu ndani ya bahari," akasema.